Chapati kabla ya kipimo: kisa cha siliaki katika kliniki ya kisukari Dodoma

Faili lake lilikuwa nene kuliko la mzee yeyote wa kliniki yetu, naye alikuwa na miaka 31 tu. Kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 17. Tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango tangu miaka 26. Upungufu wa damu uliokuja na kugoma kuondoka. Kwenye ukurasa wa mbele, kwa wino mwekundu, mwenzetu mmoja alikuwa ameandika: "Hafuati masharti."

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Dodoma. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, na mambo ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Nakiandika kwa sababu maneno yale mekundu hayakuwa kweli, na kwa sababu mimi mwenyewe nilichangia kipimo chake cha kwanza cha siliaki, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na ngano, kutoa jibu la uongo.

Alikulia kijijini wilayani Mpwapwa, kwa ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Chapati ilikuwa chakula cha harusi na Krismasi. Mwaka 2019 alipata kazi ya ofisini katika Mji wa Serikali, Mtumba, akapanga chumba Nzuguni. Maisha ya kuamka saa kumi na moja na kugombea daladala yana chakula chake: chapati mbili na supu kwa mama ntilie asubuhi, maandazi saa nne, na jioni, mtu akiwa hoi, mkate na chai. Hakuna siku iliyopita bila ngano.

Ndani ya mwaka mmoja na nusu uzito wake ulishuka kutoka kilo 55 hadi 48. Tumbo lilijaa gesi, choo kikawa laini mara tatu au nne kwa siku. Kila Desemba alipokwenda kwao kwa likizo ya wiki tatu, tumbo lilitulia na sukari ikapoa. Mama yake alisema ni hewa ya nyumbani. Majirani walisema ni wivu wa kazini, wakamtajia mtaalamu wa Kongwa. Haya yote alitusimulia pale kliniki, nami nilikuwepo. Hakuna aliyeyaandika. Nimelipekua faili lile mara mbili: kuna vipimo, kuna dozi, na hakuna mstari hata mmoja kuhusu likizo za Desemba, ambazo ndizo zilikuwa dalili bora kuliko zote.

Namba zilizogombana

Tuanze na tezi. Mtu mzima ambaye tezi yake imelegea kabisa huhitaji levothairoksini, dawa inayoziba pengo la homoni ya tezi, takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 48 hiyo ni kama 75 hivi. Yeye alikuwa amepandishwa mara tatu, kafika 175, na TSH yake, homoni inayopanda tezi ikilegea, ilikuwa bado juu. Dozi inapozidi maradufu ya kile mwili unachohitaji na bado haitoshi, kuna mambo mawili ya kuuliza: dawa inamezwa, au haimezwi, na ikimezwa, inaingia mwilini, au inapita tu.

Jambo la kwanza nililichunguza mwenyewe. Nilimwomba anioneshe anavyomeza dawa zake asubuhi. Akanionesha: kidonge cha tezi na kidonge chekundu cha kuongeza damu kwa pamoja, kwa kikombe cha chai. Hakuna aliyemkosoa kwa miaka mitano. Madini chuma huikamata levothairoksini tumboni isifyonzwe, na chai nayo huyazuia madini chuma yenyewe. Tulizitenganisha: cha tezi akiamka, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula; cha kuongeza damu angalau saa nne baadaye. Baada ya wiki sita TSH ilishuka kidogo. Kidogo tu. Kwa hiyo kosa lile lilikuwepo, lakini halikuwa jibu lote, na wengi wetu tungeishia hapo tukifurahia kwamba tumemkamata mgonjwa.

Damu yake ilikuwa gramu 8.4, chembe ndogo na zilizopauka, yaani sura ya upungufu wa madini chuma. Alikuwa amemeza vidonge miezi saba. Minyoo ilitibiwa. Choo kilipimwa mara tatu, hakuna safura wala vijidudu vya giardia. Malaria hakuna, VVU hakuna, seli mundu hakuna, hedhi ya kawaida, hakuna damu kwenye choo. Madini chuma hufyonzwa sehemu ya mwanzo kabisa ya utumbo mwembamba. Damu ikikataa kupanda wakati vidonge vinamezwa sawasawa na hakuna inapovujia, hapo ndipo pa kutazama.

Sukari ndiyo iliyotupotosha zaidi. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilisema asilimia 9.4, yaani mbaya. Daktari akaongeza insulini. Lakini daftari lake la glukomita, kile kipimo cha sukari cha nyumbani, lilisema kingine: anachoma, anakula, na baada ya saa mbili sukari iko 3.1, chini mno, jasho linamtoka, anatetemeka. Kisha usiku inapaa. Tukasema daftari ni la kutunga. Ukweli ni kwamba upungufu wa madini chuma unaweza kukipandisha kipimo cha miezi mitatu kupita hali halisi. Na mtu ambaye utumbo wake haufyonzi chakula kwa wakati, insulini humfikia kabla ya ugali: sukari inaanguka kwanza, chakula kinakuja nyuma. Tuliamini karatasi ya maabara, tukaongeza insulini, akazidi kuanguka. Mara moja alizimia kwenye ngazi za ofisi. Huyo ndiye tuliyemwandikia kwamba hafuati masharti.

Kipimo cha kwanza

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani aliyepitia mafaili magumu siku moja aliyaweka mambo matatu mezani: kisukari aina ya kwanza, tezi iliyolegea, damu isiyopanda. Akauliza kama kuna aliyewahi kupima siliaki. Mmoja wetu akajibu kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu.

Nalijibu hapa kwa urefu kidogo, maana jibu lile lingeweza kumgharimu maisha yake. Siliaki ni kinga ya mwili kuushambulia utumbo mwembamba kila mtu alapo gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai inayofanya unga wa chapati uvutike. Vinyweleo vya utumbo, ambavyo ndivyo hufyonza chakula, hulainika na kulala. Duniani huhesabiwa kama mtu 1 kati ya 100, na kwa wenye kisukari aina ya kwanza tafiti nyingi huikuta kwa takriban 5 kati ya 100, kwa sababu magonjwa haya, pamoja na yale ya tezi, huchangia vinasaba vilevile. Na mahali ambapo watafiti walikuta kiwango cha kutisha ni hapa hapa Afrika: utafiti wa mwaka 1999 kwa watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi ulikuta zaidi ya 5 kati ya 100. Ugonjwa hauulizi rangi. Unauliza vinasaba, na unauliza ngano.

Daktari akaandika kipimo cha damu, kingamwili za tTG, yaani zile zinazolenga kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho tTG, za aina ya IgA. Maabara moja binafsi ikachukua sampuli na kuipeleka nje ya mkoa. Fedha ilitoka mfukoni mwa mgonjwa. Baada ya siku kumi na mbili jibu likaja: hakuna kitu. Daktari wa zamu akafunga suala.

Jibu lile lilikuwa na matundu mawili. La kwanza, hakuna aliyepima jumla ya IgA yake. Kati ya wagonjwa 100 wa siliaki, wawili au watatu hawatengenezi IgA ya kutosha, na kwa hao kipimo hiki hakiwezi kuonesha chochote hata utumbo ukiwa umechakaa. Inabidi kutumia vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili. Kumpima mtu tTG bila kupima jumla ya IgA ni kama kumwita mtu kwa simu iliyozimwa na kusema hayupo nyumbani.

La pili ni langu. Miezi mitano kabla ya kipimo, kwa sababu ya ile 9.4, nilimkalisha na kumpa somo la chakula. Nilimwambia aache chapati, maandazi na mkate, arudi kwenye dona, uwele na mtama. Ni ushauri tunaoutoa kila Jumanne kwa kila mtu, na kwa kisukari si ushauri mbaya. Alinitii. Mwanamke tuliyemwandikia kwamba hafuati masharti aliacha ngano siku ileile, akaanza kubeba kiporo cha ugali wa uwele kazini. Kuhara kulipungua, akaniambia, nami nikafurahi bila kujiuliza kwa nini. Kingamwili hizi hutengenezwa kwa sababu ya gluteni. Gluteni ikikatika, miezi inavyopita nazo hushuka mpaka hazionekani. Tulipima moto baada ya kuondoa kuni.

Hapa ndipo mkoa wetu unapotofautiana na mahali vitabu vilipoandikwa. Huko mtu akienda kupimwa amekula mkate asubuhi bila hata kufikiri. Hapa Dodoma mtu anaweza kukaa mwezi mzima na asiguse ngano, kwa uwezo wake, kwa desturi yake, au kwa sababu nesi kamwambia. Kabla ya kuamini jibu la "hakuna", lazima kuuliza: wiki sita zilizopita umekula nini? Swali hilo halikuwepo kwenye fomu ya maabara. Sasa nimelipigia mhuri wangu mwenyewe.

Historia ya ugonjwa huu inafanana sana na likizo zake za Desemba. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano kwa muda mrefu. Katika majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945 mkate ulitoweka nchini mwake, na watoto wake wenye siliaki wakapata nafuu; mkate uliporudi, wakaugua tena. Hakuwa na tTG. Aliwasikiliza watoto na kuangalia sahani.

Wiki sita za ngano

Mwongozo wa Uingereza unataka mtu ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki sita kabla ya kipimo. Kwa mtu mwenye afya nyingine nzuri ni kero. Kwa mtu anayechoma insulini ni hatari, na sipendi kuona jambo hili likiandikwa kwa mstari mmoja kana kwamba ni kumwambia mtu asile usiku.

Alikaa kimya nilipomweleza. Kisha akasema, "Sista, yaani nimeanza kupona, halafu mnataka niugue kwa makusudi?" Nilimwambia ndiyo, na nikamwambia kwa nini. Bila jibu la uhakika angeishi maisha yote akijinyima kwa kubahatisha, akiteleza kwenye kila harusi, bila daktari yeyote kumwamini, na bila ndugu zake kujua kama nao wapimwe. Alichukua siku nne kuamua. Mdogo wake wa kiume, anayesoma chuo hapa mjini, alihamia kwake kwa wiki hizo. Hilo lilikuwa sharti la daktari, na ni sharti ambalo ningelitia kwa kila mgonjwa wa insulini.

Mpango wenyewe: chapati moja asubuhi, slesi mbili za mkate jioni, si zaidi, maana hatukutaka kuharibu sukari kwa kuzidisha wanga. Vyakula vingine vikapunguzwa ili jumla ya wanga isibadilike. Daktari alipunguza insulini ya mchanganyiko kidogo tangu siku ya kwanza, tukijua ufyonzaji utavurugika. Alipima sukari kabla ya kula, saa mbili baada ya kula, na saa tisa usiku. Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, ndizo zilizotusumbua: kwa kupima hivyo boksi la 50 huisha ndani ya siku kama nane. Ofisini kwake walichanga, na nawashukuru. Glukosi ilikaa kando ya kitanda, na mdogo wake alijifunza nini cha kufanya dada akianza kuongea ovyo.

Siku ya nne tumbo lilivimba. Wiki ya pili alianza kuhara, na sukari ikashuka mpaka 2.8 usiku mmoja. Mdogo wake alimwamsha kwa maji ya sukari. Dozi ikapunguzwa tena. Alinipigia simu wiki ya tatu akilia, akitaka kuacha. Tuliongea na daktari kuhusu kuishia hapo na kupima mapema, kwa kuwa miongozo mingine hukubali hata wiki mbili kwa asiyevumilia, kwa gharama ya kipimo kukosea zaidi. Tulimwachia yeye. Alisema atamaliza, na akamaliza.

Damu ya pili ilichukuliwa siku ya 43. Jumla ya IgA ilikuwa ya kawaida. tTG ilikuwa zaidi ya mara nane ya kiwango cha juu cha maabara.

Kwa mtu mzima hatua inayofuata ni kamera ya tumbo na kuchukua vinyama kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwenye barua ya rufaa daktari aliandika idadi: angalau vinne kutoka sehemu ya chini ya duodeni na kimoja au viwili kutoka kwenye kichwa chake, kwa kuwa ugonjwa huu hushambulia kwa mabaka na kinyama kimoja kinaweza kuangukia penye uzima. Aliandika pia: "Aendelee kula ngano hadi siku ya kipimo." Nilimpigia mgonjwa simu kumkumbusha hilo, maana watu wengi wakipata tu jibu la damu huacha ngano kwa furaha, na mwezi mmoja baadaye kamera inakuta utumbo unaoanza kupona.

Kufunga usiku kucha kwa mwenye kisukari aina ya kwanza nako kuna kanuni zake. Tuliomba awe wa kwanza kwenye orodha, saa mbili asubuhi. Insulini ya jioni ilipunguzwa, ya asubuhi ilisogezwa mpaka atakapokula. Kusogeza, siyo kuruka, kwa sababu mtu wa aina ya kwanza akikosa insulini muda mrefu damu yake hujaa asidi. Sukari ilipimwa kila saa.

Jibu la vinyama lilichukua wiki tatu: vinyweleo vimelala, chembe za kinga zimejazana kwenye ngozi ya utumbo. Kabla ya kutamka neno siliaki daktari aliyapitia mengine yanayoweza kulaza vinyweleo: giardia, kifua kikuu cha utumbo, VVU, na dawa. Katika dawa, ipo moja ya presha, olmesatani, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliitolea onyo mwaka 2013 kwa sababu huweza kuleta hali inayofanana kabisa na siliaki. Yeye hakuitumia, lakini kwa wazee wetu wa presha wanaohara bila sababu, dawa hiyo iulizwe. Na anayetumia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa ugonjwa mwingine amwambie daktari kabla ya kupimwa siliaki, maana dawa hiyo inaweza kutuliza utumbo na kuficha jibu.

Baada ya jibu

Dodoma ni mahali pazuri pa kuishi na siliaki kuliko miji mingi. Uwele, mtama, mahindi, wali wa Bahi, mihogo, viazi, maharage, karanga, mlenda: vyote salama. Tabu iko pembeni. Mashine ya kusaga ileile iliyosaga ngano dakika kumi zilizopita. Unga wa lishe wenye ngano ndani yake. Chips zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa. Bia ya shayiri. Yeye sasa hupeleka uwele wake mashineni asubuhi kabla ya mtu mwingine, na hununua nafaka nzima sokoni Majengo badala ya unga. Kanisani alimwendea mchungaji, akamweleza, na sasa hupokea kikombe tu, bila mkate. Mchungaji hakumwuliza mara mbili.

Ambacho hatukukitegemea ni kasi ya dawa nyingine kubadilika. Miezi miwili baada ya kuacha ngano moyo ulianza kwenda mbio: zile maikrogramu 175 sasa zilikuwa zinaingia zote. Dozi ilishushwa mpaka 100. Insulini, kinyume chake, iliongezwa kidogo, maana chakula nacho kilikuwa kinaingia. Baada ya miezi sita damu ilikuwa 11.9, uzito kilo 54, kipimo cha miezi mitatu 8.1, na safari hii daftari na maabara zinaongea lugha moja. Ukurasa wenye wino mwekundu bado upo kwenye faili; kumbukumbu haifutwi. Chini yake nimeandika tarehe na maneno haya: "Alifuata masharti. Soma majibu ya vinyama."

Kwa wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa, siliaki hukutwa kwa kama 7 hadi 10 kati ya 100, kwa hiyo tuliwaita. Mdogo wake alikuwa amezoea kula anachokula dada. Tukamwambia arudi kwenye chapati kwanza, wiki sita. Damu yake haikuonesha kitu, na jibu lile tunaliamini.

Mama alikuja kutoka Mpwapwa na basi la asubuhi, akatuamkua "Mbukwa" mlangoni kabla ya kukaa. Ana miaka 58. Ngano, kwa hesabu yake, huila mara mbili au tatu kwa mwaka. Nilimweleza kuhusu wiki sita. Akanitazama, akamtazama binti yake, akauliza: "Sasa mwanangu, mimi nile sumu ili nijue kama ni sumu?"

Sikuwa na haraka ya kumjibu. Damu yake ni 13, uzito haujashuka, tumbo halimsumbui, hatumii dawa yoyote. Kuna kipimo cha vinasaba ambacho, kikikosa alama za DQ2 na DQ8, humwondoa mtu kwenye shaka bila kula chochote, na kinapopatikana ndicho kinachomfaa. Tulikubaliana hivyo: asile ngano kwa ajili yetu, apime damu kila mwaka, na siku ikishuka bila sababu arudi. Nikamwandikia kwenye daftari, kwa herufi kubwa ili mganga wa zahanati ya kijijini asome: binti yake ana siliaki, yeye hali ngano, kipimo cha tTG kikisema hakuna, kisiaminiwe.